Lazanya ya Uyoga

Kosa nitakalolieleza hapa ni dharau ya mtoto kwa mzazi wake, ile inayovaa sura ya mapenzi. Nalitaja mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba naandika juu ya mapishi. Mapishi yatakuwapo, kwa kuwa dharau hiyo iliandaliwa jikoni, ikaivishwa kwa makaa ya juu na chini, ikapakuliwa kwenye sahani nzuri na kuwekwa mbele ya mzee aliyekuwa amekwisha kunawa mikono. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza ukatili wa wazazi kwa watoto, na ni haki viandikwe. Ukatili wa watoto waliokwisha kuwa watu wazima kwa wazazi wao wazee hauandikwi sana, labda kwa sababu wanaojua kuandika ndio wanaoutenda.

Baba yetu anaishi Kasulu, nje kidogo ya mji, upande wa Mtabila, ilikokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi. Nyumbani tunamwita Data, kama Waha wengi wanavyomwita baba. Mimi ni binti yake mkubwa. Nafundisha sekondari Kibondo, na kila nipatapo nafasi hupanda basi kwenda kumtazama. Mdogo wangu, wa kiume na wa mwisho, yuko Dar es Salaam, ana kazi ya ofisini ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri mtu akiniuliza. Mama alifariki katika msimu wa kuvuna maharage, na tangu siku ile Data hakula tena mezani. Alikula akiwa amesimama mlangoni mwa jiko, kipande cha muhogo mkononi, kama mpita njia. Shati lake lilianza kumning'inia mabegani. Jirani, mama mmoja mjane aliyekuwa rafiki wa marehemu, alinipigia simu kuniambia kwamba nisipofanya jambo baba yangu ataisha huku nikimtazama.

Basi tulikubaliana, mdogo wangu na mimi, kwamba likizo ya mwisho wa mwaka tukutane Kasulu, tupike chakula cha jioni cha familia, tumkalishe Data kwenye kiti chake, ale pamoja nasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha yetu, na haikuwa ndogo. Mtu aliyepoteza mwenzi wa maisha yake yote hawezi kuamriwa kula. Anaweza tu kuvutwa na watu anaowaamini, kijiko baada ya kijiko, mpaka mwili ukumbuke kazi yake. Mdogo wangu alisema kwamba mke wake atapika kitu ambacho Kasulu haijapata kukiona. Aliniambia jina lake kwenye simu, nami nikalijua kwa sababu nimelisoma: lazanya.

Hapa inanipasa kueleza kitu kimoja kuhusu Data, kwa sababu mengine yote yanakizunguka.

Data hali nyama na maziwa kwa pamoja. Akila nyama mchana, hagusi maziwa mpaka kesho yake. Akinywa maziwa asubuhi, nyama itasubiri. Ndivyo walivyolelewa wafugaji wengi wa kwetu katika zama zake, nao hawakuona haja ya kulieleza. Watu wa siku hizi wakilisikia hulicheka wakaliita ushirikina. Lakini Data hakuwa mtu wa gizani. Alikuwa msaidizi wa bwana mifugo katika ujana wake wote, akizunguka kwa baiskeli na kwa miguu kuchanja ng'ombe kutoka Kitahana hadi Nyabibuye, na ndiye aliyewafundisha wafugaji kwamba ugonjwa wa kiwele hauletwi na jicho la mtu. Nilipokuwa msichana wa shule nilimuuliza kama anaamini kweli kwamba ng'ombe atakauka maziwa mtu akiyachanganya na nyama tumboni. Alinijibu kwamba hajasema ng'ombe atadhurika. Amesema yeye hali. Ng'ombe amekupa maziwa akiwa hai, alisema, na mwingine amekupa nyama kwa kufa. Ukivitia vyote kinywani kwa mara moja umemfanya mnyama yule kama ghala. Sijapata kukutana na maneno yenye heshima zaidi kuliko hayo katika maktaba yoyote niliyoingia.

Mdogo wangu alilelewa nyumba ile ile. Alikunywa maziwa ya kibuyu kile kile.

Siku yenyewe nilifika Kasulu alasiri, mvua ikiwa imekwisha kunyesha na barabara ikiwa na utelezi mwekundu. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, nilimkuta jikoni amejifunga kanga kifuani, anasukuma unga kwa chupa ya soda. Ni mtu wa Njombe. Alikulia karibu na misheni iliyokuwa na masista wa Kitaliano, na mama yake alikuwa mpishi wao. Kwa hiyo chakula hiki kwake hakikuwa cha kujionyesha. Kilikuwa chakula cha Pasaka cha utotoni mwake. Alikuwa amekanda unga wa ngano kwa mayai, bila maji, na sasa aliusukuma mpaka ukawa mwembamba kiasi cha kuona maua ya kitambaa cha meza kupitia kwake, kisha akaukata vipande vipana vya mraba na kuvitandaza juu ya kitambaa safi. Jibini alikuwa amelisafirisha kutoka Dar es Salaam limefungwa kwa taulo lenye maji kama mgonjwa wa homa. Mkate aliununua sokoni kwa wanawake wa Kikongo, ule mrefu wenye ganda gumu, na alikuwa amekwisha kuuchanja mistari bila kuukata mpaka chini, tayari kuupaka siagi iliyopondwa na kitunguu saumu, chumvi na majani ya giligilani.

Tulisalimiana. Aliniomba radhi kwa kunipa mkono wenye unga, akanicheka kwa viatu vyangu vilivyojaa tope. Juu ya jiko moja nyama ya kusaga ilikuwa ikichemka na nyanya. Juu ya jiko la pili alikuwa anakoroga maziwa.

Nilimuuliza hayo maziwa ni ya nini. Akanieleza kwa furaha ya mpishi aliyepata mwanafunzi: unaweka tabaka la unga, juu yake nyama, juu ya nyama mchuzi mweupe wa maziwa, kisha jibini, kisha unga tena, hivyo hivyo mpaka sufuria ijae.

"Wifi," nikasema, "baba hali nyama na maziwa pamoja. Hujui?"

Mwiko ulisimama. Alitazama mlangoni, ambako sauti ya mumewe ilikuwa ikisikika uani akizungumza na simu.

"Nilimuuliza," akasema polepole. "Kabla hatujapanda basi. Nikamwambia, niambie kama kuna kitu baba hali, nisije nikaaibika ugenini. Akasema baba anakula vyote."

Nilitoka uani. Mdogo wangu alinikumbatia, akanisifu kwamba sizeeki, na nilipomweleza nililolikuta jikoni alicheka. Hakukana. Alisema kwamba mzee amekonda kwa sababu ya mambo hayo hayo, hiki sili, kile sili, na kwamba daktari yeyote angemwambia nyama na maziwa ndivyo vitakavyomrudishia mwili. Nilimkumbusha kwamba Data amekula nyama na kunywa maziwa maisha yake yote, ila kwa siku tofauti, na mwili wake ulikuwa imara mpaka mkewe alipokufa. Akanyanyua mabega.

"Dada, wewe msomi mzima. Utakuja kuwa mganga wa kienyeji sasa?"

Nilimwambia kwamba msomi ni mtu anayejua tofauti kati ya asichokiamini mwenyewe na asichokuwa na haki ya kukivunja kwa mwenzake. Akasema sawa, sawa, mwalimu, tusigombane, likizo fupi. Nikachukulia kwamba amekubali. Kumbe kuna watu ambao neno "sawa" kwao ni mlango wanaoufunga ili wafanye yao kwa utulivu.

Wifi yangu hakungoja kuambiwa la kufanya. Alikuwa amekwisha kumtuma mtoto wa jirani kuniita nirudi, kwa sababu alikuwa na wazo. Asubuhi aliona akina mama wakiuza uyoga kando ya barabara, ule wa mvua, mpana na mweupe. Je, baba anakula uyoga? Nilimwambia kwamba Data angeweza kuvuka mto kwa ajili ya uyoga. Basi tukanunua fungu zima, tukauosha, tukaukata vipande vidogo na kuukaanga kwa kitunguu mpaka ukaachia maji yake na kuyanywa tena. Akapanga lazanya mbili: moja ya nyama katika sufuria kubwa, kwa ajili yetu, na nyingine ya uyoga katika sufuria ndogo yenye mfuniko wa bluu, kwa ajili ya Data peke yake. Alitumia miiko miwili, mmoja wa kila sufuria, na alipokosea kidogo akataka kuuchovya ule wa nyama kwenye maziwa ya uyoga, aliuosha kwa sabuni bila mimi kusema neno. Tukapalia makaa juu ya mifuniko kama mtu anayeoka keki ya sherehe. Jiko likajaa harufu ya jibini linaloyeyuka, na ya vitunguu saumu kutoka kwenye mkate uliokuwa ukipata moto kwenye wavu.

Data alikuja mwenyewe kusimama mlangoni. Alinusa, akauliza kama ni kweli tunapika kitunguu saumu au pua yake imezeeka.

"Ni kweli, baba," wifi akamwambia. "Tunakipaka kwenye mkate."

"Mimi nilikuwa nawapa ndama wenye minyoo," akasema Data. "Sasa zamu yangu."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini kwenye kigoda. Nami nilicheka, na nilipomwona baba yangu ametabasamu baada ya miezi ya kutotabasamu nilidhani kwamba jioni ile imekwisha kutupa tulichokitaka.

Tulitandika meza kabla giza halijaingia. Data aliketi kwenye kiti chake, kile chenye mkono uliofungwa kwa waya. Mimi na wifi tulikuwa tukipanga vikombe na jagi la maji mdogo wangu aliposema kwamba leo yeye ndiye atakayempakulia mzee. Mwanamume wa nyumba hii amhudumie baba yake, si kila siku wanawake. Nililipenda jambo lile. Naliandika kwa sababu ni kweli: nililipenda. Akaingia jikoni, akakaa kidogo, akatoka na sahani ya Data, ameitanguliza mbele kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Data aliitazama ile sahani. Chakula kilikuwa kimekaa vizuri, kipande kimoja cha mraba, juu kimepata rangi ya dhahabu, na kwa pembeni hukuweza kutambua kilichomo katikati ya yale matabaka. Hakumuuliza mwanawe. Alinigeukia mimi.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Ni uyoga na maziwa, Data," nikamjibu. "Nyama iko kwenye sahani zetu."

Akaitikia kwa kichwa, akafanya ishara ya msalaba, akachukua kijiko.

Alikula. Kijiko cha kwanza alikitafuna polepole kwa upande wenye meno. Baada ya kijiko cha pili alitulia kidogo, akanyanyua macho, akamtazama wifi yangu, kisha akanitazama mimi. Nilimtabasamia. Akarudi kwenye sahani yake, akaendelea kula, kijiko baada ya kijiko, bila haraka na bila kusema, akamalizia na kipande cha mkate alichokipangusia mchuzi. Wifi yangu alimuuliza kama kimempendeza. Alisema kimepikwa na mtu anayejua kupika. Niliona machozi yakimlengalenga yule mwanamke, nikageuza uso nisimwaibishe.

Hapo ndipo nilipoiona simu. Ilikuwa imesimamishwa kwa kuegemezwa kwenye jagi, kioo kimeelekezwa kwa Data, na mdogo wangu alikuwa anakitazama kile kioo badala ya kumtazama baba yake.

"Data," akasema, akiwa na kicheko shingoni, "nikuambie kitu? Umekula nyama na maziwa. Sahani nzima. Na uko hapo hapo, hujafa, na ng'ombe wako hajafa."

Wifi, aliyekuwa ameketi kando bila sahani, aliinuka, akaenda jikoni, na nilisikia mfuniko ukifunuliwa. Sufuria ndogo ya mfuniko wa bluu ilikuwa haijaguswa. Alirudi akasimama mlangoni, ameishika ile sufuria mikononi.

Data aliweka kijiko chini. Aliomba maji, akanawa mikono taratibu, akajikausha kwa kitambaa. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, akimgeukia mwanawe:

"Nilijua kwenye kijiko cha pili. Nimechinja na kukagua nyama tangu wewe hujazaliwa, nisiijue? Nikajisemea, mkwe wangu amechanganya sufuria, ni mgeni, nikikataa ataona aibu mbele ya mumewe. Nikala. Nilikula kwa ajili yake." Akakikunja kile kitambaa. "Wewe ulijua."

Mdogo wangu alisema kwamba ulikuwa utani tu.

Utani. Waha tunaujua utani, na tuna watani wetu, na utani una mipaka ambayo hata mlevi huikumbuka. Mjukuu humtania babu akamwita mchumba wake. Shemeji humtania shemeji. Watu wa makabila yaliyowahi kupigana hutaniana misibani mpaka jeneza linatikisika. Mwana hamtanii baba. Wala mtani wa kweli hamtanii mwenzake kwa kumficha. Humtania usoni, mbele ya watu, ili mtaniwa apate nafasi ya kujibu. Kinachofanyika gizani jikoni, kikashuhudiwa na simu, kina jina jingine. Nilimwambia hayo mdogo wangu jioni ile ile, na mengine makali zaidi ambayo sina haja ya kuyarudia, na alinijibu kwamba mimi ni mtu wa kukuza mambo.

Data hakusikia mabishano yetu. Alikuwa ametoka kwenda zizini. Ana ng'ombe mmoja tu siku hizi, jike jekundu lenye pembe moja iliyopinda, naye humkamua mwenyewe. Jioni ile hakumkamua. Alisimama nje ya zizi, hakuingia, akamwita jirani yetu mjane kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akamwomba amkamulie na aende na maziwa yote kwake. Nilimfuata. Nilimwambia kwamba sikujua; kwamba nilipomwambia ni uyoga niliamini hivyo. Alisema, "Sawa, mwanangu." Lilikuwa neno lile lile alilolisema mdogo wangu alasiri ile, lakini kinywani mwa Data lilikuwa na uzito wa mzigo unaowekwa chini na mtu asiyekusudia kuubeba tena.

Ile picha ya video ilipelekwa kwenye kundi la ukoo. Binamu zetu wa mjini walicheka. Mmoja aliandika kwamba mzee sasa ameingia dunia ya kisasa. Wazee wachache waliomo humo hawakuandika lolote, na mdogo wangu aliuchukulia ukimya wao kuwa ruhusa. Siku ya pili yake akaondoka kurudi Dar es Salaam na mkewe. Wifi yangu alipanda gari bila kuzungumza naye, na nilipomshika mkono dirishani alisema maneno machache tu: kwamba yeye ndiye aliyekipika.

Nilimwambia hana kosa. Akasema anajua, lakini mkono uliokoroga ni wake.

Yaliyofuata si ya kusimulia kwa urefu, kwa kuwa mtu anayekataa kula hana matukio mengi. Data hakugombana na yeyote. Alipokea simu za mwanawe, akamsalimu, akamwuliza hali ya mvua huko, akamrudishia jirani simu yake. Nilipokwenda kumtazama siku za Jumamosi nilimpikia maharage na ugali wa muhogo, chakula alichokula tangu alipoachishwa ziwa. Alikipokea kwa mikono miwili. Alinishukuru. Akakaa nacho mapajani mpaka kikapoa, kisha akasema atakula baadaye, na baadaye nilimwona akikipeleka kwa watoto wa jirani. Chochote kilichotoka jikoni bila yeye kukiona kikipikwa hakikuingia kinywani mwake. Alichoma mihogo mwenyewe majivuni, akala akiwa amesimama. Nilimwuliza mara moja tu, kwa ujasiri nilioukusanya njiani kote kutoka Kibondo, kama ananiogopa. Alisema hapana. Alisema ni kwamba siku ile aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa ndiye wa kuulizwa.

Sijui kama msomaji anaelewa jibu lile linavyochoma. Hakunituhumu. Alinieleza tu kwamba alikuwa na mahali pamoja pa kuuliza, na mahali pale pakampa jibu lisilokuwa kweli, na mzee wa umri wake hatafuti mahali pengine. Mdogo wangu hakuiba chakula cha baba tu. Alitumia kinywa changu, bila idhini yangu, kama vile alivyotumia mikono ya mkewe. Hii ndiyo kazi ya dharau: hailipi gharama yake yenyewe, huwagawia walio karibu wailipe.

Jirani alinipigia tena. Safari hii hakusema ataisha. Alisema amemkuta Data amekaa chini ya ukuta wa zizi, na alipomshika mkono kumwinua aliogopa wepesi wake.

Nilijiandaa kwenda Kasulu, nikaomba ruhusa shuleni, na nilipofika nyumbani nilikuta moshi uani. Wifi yangu alikuwa amefika siku iliyotangulia, peke yake, kwa basi, akiwa na begi moja na lile taulo lake lenye maji. Hakuwa amemwomba mumewe ruhusa. Alisema alimwambia tu kwamba anakwenda kumaliza kazi aliyoianza.

Alikuwa amelitoa jiko nje, katikati ya uwanja, mahali ambapo Data akikaa kwenye kiti chake cha mkono wa waya anaona kila kitu. Aliweka kila chombo juu ya mkeka. Alikanda unga mbele yake, akausukuma mbele yake. Uyoga aliuosha mbele yake, mmoja mmoja, akiunyanyua kila mmoja ili auone. Maziwa aliyakamua Data mwenyewe asubuhi ile, akamkabidhi kwenye kibuyu. Nyama haikuwapo katika boma lile, hata mfupa. Alikuwa amemwomba jirani afunge mbwa wake asilete chochote. Wala hakumsemesha sana. Alimweleza tu anachofanya, kama mtu anayesoma kwa sauti: sasa natia chumvi, baba, sasa nageuza.

Kilipoiva alifunua mfuniko mbele yake, akakata pembe moja. Kwa desturi ya kwetu mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe. Hugeuka, huenda pembeni, hula baadaye na wanawake. Wifi yangu alijua, kwa maana nilikuwa nimemfundisha mwenyewe siku za harusi yake. Alipiga magoti kwenye mkeka, akaomba radhi, akasema:

"Baba, leo nitavunja adabu ili niirudishe. Naomba nile kwanza, unione."

Data akasogeza kiti chake, akautandua mkeka uliokuwa umekunjika upande wake, akamwonyesha mahali pa kukaa.

Akala. Alitafuna, akameza, akafungua kinywa kidogo kama mtoto anayeonyesha kwamba amemaliza dawa. Data akanyoosha mkono akachukua kijiko kutoka mkononi mwake, kile kile, bila kukiosha, akakata kutoka pembe ile ile. Alikula mpaka sahani ikaisha. Kisha akauliza kama ule mkate wa minyoo upo, na wifi yangu akaukimbilia.

Nilisimama langoni na begi langu nisijue kama niingie. Data aliniona. Alinikaribisha, akaniita mwanangu kama kawaida, akaniambia nikae nile. Sikunyimwa chochote. Lakini Jumamosi iliyofuata, nilipomletea maharage kutoka Kibondo katika chombo chenye mfuniko mzuri, aliyapokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akayaweka mapajani mpaka yakapoa.

Wifi yangu alikaa Kasulu mpaka shati la Data lilipoanza kujaa tena, na bado huenda mara kwa mara. Mdogo wangu hasemi naye sana, husikia habari za baba yake kwa mkewe huyo na hukasirika kwamba ni lazima azisikie kutoka kwake. Video ile aliifuta baadaye, si kwa aibu, simu ilijaa. Watu wa Kibondo wanaojua kwamba baba yangu alikaribia kufa kwa kutokula hunipongeza wakiniambia kwamba mtoto wa kike ndiye mtoto, na kwamba bila mimi mzee asingekuwapo. Nimechoka kuwasahihisha lakini nawasahihisha, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kuendeleza uongo ule ule niliotumwa kuusema mezani. Aliyemrudisha baba yangu kwenye chakula hakutoka tumboni mwa mama yangu, wala hakujua Kiha. Ni yule aliyekubali kula kwanza: wifi yangu.